Konde Linalofuata: Jinsi Mwamuzi Anavyoamua Kusimamisha Pambano la Ngumi

Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, mwamuzi Joe Cortez aliingia kati ya mabondia wawili na kulimaliza pambano. Aliyekuwa akipigwa ni Robert Wangila wa Kenya, yule yule ambaye miaka 6 kabla ya hapo, katika Olimpiki ya Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya 2 ya fainali na kuwa bondia wa kwanza wa Kenya kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Wangila hakuridhika na uamuzi wa Cortez. Alilalamika kwamba amekatizwa, kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea dhidi ya mpinzani wake, David Gonzalez. Akarudi chumba cha kubadilishia nguo, na huko huko akapoteza fahamu. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo, lakini tarehe 24 akafariki dunia.

Tukio hilo hunijia kila ninaposikia mabishano ya vijiweni kwamba refa fulani amemdhulumu bondia kwa kumaliza pambano mapema. Sisi mashabiki hupima uamuzi wa namna hiyo kwa mambo mawili: jinsi bondia anavyoonekana dakika moja baada ya kusimamishwa, na maneno yake mwenyewe. Akiwa amesimama wima, amenyoosha mikono na kufoka kwamba bado yupo mchezoni, tunahitimisha kwamba refa ameharibu. Malalamiko ya Wangila yalikuwa ya kweli kwa maana kwamba yeye mwenyewe aliyaamini. Ila hayakuwa ushahidi wa kilichokuwa kikiendelea ndani ya fuvu lake. Ugumu wa kazi ya mwamuzi umo humo: mtu pekee anayejua bondia anavyojisikia ni bondia mwenyewe, na huyo ndiye shahidi asiyepaswa kuaminiwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Katika ngumi, pambano linaweza kumalizwa kabla ya muda kwa njia mbili kuu, na kila njia hujibu swali lake. Ya kwanza ni kuhesabiwa. Kanuni za Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867, zilimpa aliyeangushwa sekunde 10 za kusimama bila kusaidiwa na mtu. Akishindwa, amepigwa kwa KO. Swali hilo hata mtoto aliyekaa safu ya mwisho ukumbini anaweza kulijibu: amesimama au hajasimama? Njia ya pili ni ile tuliyozoea kuiita TKO, ambayo katika ngumi za ridhaa iliandikwa kwa miaka mingi kwa herufi RSC, yaani mwamuzi amesimamisha pambano. Hapa swali si kama bondia anaweza kusimama. Swali ni kama anaweza kujilinda kwa akili dhidi ya konde linalofuata.

Msisitizo uko kwenye neno hilo la mwisho. Mtazamaji huhukumu makonde yaliyokwisha kupigwa, ndiyo maana hubishana kuhusu wingi wake na uzito wake. Kwa mwamuzi, makonde hayo ni ushahidi tu. Hukumu yake inahusu konde ambalo bado halijarushwa: likija, huyu ataliona? Akiliona, mwili wake utamtii? Na kwa kuwa akisimamisha pambano konde hilo halitarushwa kamwe, hawezi kuthibitisha baadaye kwamba alikuwa sahihi. Akichelewa, ukumbi mzima utaona alivyokosea.

Tumwangalie kazini. Kwa kanuni zinazotumika sehemu nyingi leo, bondia aliyeangushwa huhesabiwa hadi 8 hata kama aliruka juu kwenye 3. Mashabiki huziona sekunde hizo kuwa mapumziko, na bondia naye huzitumia hivyo, lakini kwa mwamuzi ni muda wa uchunguzi, na uchunguzi wenyewe huanza mtu angali chini. Bondia anayejua alipo hubaki kwa goti moja, macho yakiwa kwenye kona yake, anasikiliza hesabu, na husimama kwenye 7 au 8. Aliyepotea mara nyingi huruka kwenye 2, kwa aibu, halafu miguu inamsaliti: anaitanua kama mtu aliyesimama ndani ya ngalawa bahari ikichafuka. Mwamuzi hurudi nyuma hatua moja na kumwambia aje mbele. Anatazama miguu inavyokanyaga, kisha anazishika glovu na kuzifuta kwenye shati lake, na kwa kuzishika tu anajua kama mikono ina nguvu au inaning'inia. Ndipo anapouliza kama yuko sawa. Jibu halina uzito mkubwa, maana kila bondia hujibu kwamba yuko sawa. Kinachopimwa ni muda unaopita kabla ya jibu, na kama macho yamemtazama muulizaji au yamepita juu ya bega lake kwenda kusikojulikana.

Hesabu hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: humsaidia tu aliyeanguka. Tarehe 24 Machi 1962, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Emile Griffith alimbana bondia wa Cuba, Benny Paret, kwenye kona katika raundi ya 12 na kumshushia mfululizo wa ngumi ambazo Paret hakuzijibu. Kamba zilimshika, na kwa kuwa zilimshika hakuanguka, na kwa kuwa hakuanguka hakukuwa na wa kuhesabiwa. Mwamuzi Ruby Goldstein, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bondia na aliheshimiwa sana, aliingilia wakati Paret alikuwa ameshalegea kabisa. Paret alifariki tarehe 3 Aprili. Miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 1961, alikuwa amepigwa kwa KO na Gene Fullmer, bondia wa uzito wa juu kuliko wake. Paret alisifika kwa uwezo wa kustahimili kipigo na kuibuka tena, na nadhani sifa hiyo ni mtego kwa mwamuzi yeyote, kwa sababu humfanya asubiri kuibuka kulikotokea zamani badala ya kumwangalia mtu aliye mbele yake.

Mtu mzima aliyezoea mazoezi anawezaje kufa siku mbili baada ya kulalamika kwamba hajashindwa? Ubongo haukushikiliwa na fuvu kama kokwa ndani ya ganda. Umeelea katika majimaji na kufunikwa na utando. Kati ya uso wa ubongo na utando ule mgumu wa nje hupita mishipa midogo ya vena. Konde la kidevuni au la ubavuni mwa kichwa linapokizungusha kichwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo hubaki nyuma kidogo, mishipa ile hunyooka, na mara nyingine hukatika. Damu ya vena haitoki kwa msukumo kama ya ateri, bali huvilia taratibu kati ya ubongo na utando. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachosogezwa na kubanwa ni ubongo wenyewe. Katika kipindi hicho cha kuvilia, majeruhi anaweza kuzungumza, kudai pambano la marudiano, hata kuvua bandeji zake mwenyewe. Zaidi ya hayo, aliyezubaishwa shingo yake imelegea, na mikono yake haipandi kwa wakati, kwa hiyo konde lenye nguvu ile ile lililomtikisa kidogo katika raundi ya 2 litakizungusha kichwa chake zaidi katika raundi ya 10. Makonde ya mwisho huwa mabaya hata pale mpigaji anapokuwa amechoka.

Ndiyo maana mwamuzi mzuri hahesabu makonde ya dakika ile pekee. Anabeba kumbukumbu ya pambano zima: katika raundi ya 3 huyu alikuwa akipigwa jabu, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, na kurudisha mara moja, katika raundi ya 6 alianza kurudisha baada ya kusita, na sasa anapigwa jabu na kichwa kinarudi nyuma bila mikono kufanya lolote. Hakuna hata konde moja kati ya hayo ambalo lingemwangusha mtu, wala lingepigiwa kelele ukumbini, na bado mabadiliko hayo yanatosha kumaliza pambano. Mabondia wenyewe wanalijua jambo hili, na kona zao pia, yaani makocha na wasaidizi wao. Mwamuzi anapomwambia bondia aliyelemewa amwonyeshe kitu, utasikia kona ikipiga kelele arudishe, naye atarusha ngumi mbili tatu hewani, si kwa ajili ya mpinzani bali kwa ajili ya macho ya refa. Kuzitofautisha ngumi za mtu anayepigana na ngumi za mtu anayeomba asisimamishwe ni ujuzi ambao haumo kwenye kitabu chochote cha kanuni.

Hata hivyo kuna mapambano ambayo hayampi mwamuzi mwanya wa wazi. Tarehe 13 Novemba 1982, huko Las Vegas, Ray Mancini alitetea ubingwa wake dhidi ya Mkorea Kusini Duk Koo Kim. Kim hakuwa mtu wa kupigwa tu. Kwa raundi nyingi walipigana bega kwa bega, na ingawa Mancini alizidi kutawala kadiri pambano lilivyosonga, Kim aliendelea kujibu. Mwanzoni mwa raundi ya 14 aliangushwa, akajivuta kwa kamba akasimama, na mwamuzi Richard Green akalimaliza pambano palepale. Ukiitazama sekunde hiyo peke yake, Green alifanya kile kile tunachotaka mwamuzi afanye. Kim alizimia muda mfupi baadaye na akafariki siku chache zilizofuata kwa damu iliyovilia kichwani. Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, liliamua baada ya hapo kupunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirikisho mengine yakafuata katika miaka ya baadaye. Kwa maneno mengine, wakubwa wa mchezo walikiri kwamba jicho la mwamuzi lina mpaka, na kwamba hatari nyingine hupunguzwa kwa kufupisha pambano lenyewe.

Wakati mwingine dalili huja ghafla, tena kwa mtu anayeshinda. Juni 2022, mjini Durban, Simiso Buthelezi wa Afrika Kusini alikuwa katika raundi ya 10 dhidi ya Siphesihle Mntungwa. Alimsukumia mpinzani wake kwenye kamba kwa makonde, mwamuzi akawatenganisha ili waendelee, na Buthelezi, badala ya kumgeukia Mntungwa, akaifuata kona tupu na kuanza kuipiga hewa kana kwamba kulikuwa na mtu pale. Mwamuzi alimaliza pambano papo hapo. Hapakuwa na kuangushwa wala kuhesabiwa, na bado mwamuzi yule hakuhitaji ushahidi mwingine. Buthelezi alifariki siku mbili baadaye. Nimeitazama picha ile mara moja na sina haja ya kuitazama tena, lakini kila anayefundishwa uamuzi anapaswa kuiona, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo jedwali la pointi haliwezi kulionyesha.

London pia ina la kutufundisha. Tarehe 25 Februari 1995 Gerald McClellan wa Marekani alimwangusha Nigel Benn nje ya kamba katika raundi ya kwanza kabisa. Kadiri muda ulivyokwenda, McClellan alianza kupepesa macho mfululizo, kinga ya meno ikichomoza mdomoni, na katika raundi ya 10 alipiga goti mara mbili kwa hiari yake hadi akahesabiwa. Wapo waliodhani amekata tamaa. Alikuwa anavuja damu kwenye ubongo. Aliokoka, ila alipoteza uwezo wa kuona na ulemavu ulimbakia maisha yote. Tangu hapo, goti la hiari halipaswi kusomwa kama woga. Bondia akipiga goti bila konde la kumwangusha, huenda ametoa ripoti sahihi kuliko yote iliyotoka ulingoni usiku huo.

Hilo linanirudisha nyumbani. Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alipomshinda Sam Eggington mjini Birmingham kwa TKO ya raundi ya 2, hakuna shabiki wa Kitanzania niliyemsikia akisema refa aliwahi mno. Miaka 4 baadaye, Septemba 2022, Mwakinyo huyo huyo alipiga goti mbele ya Liam Smith mjini Liverpool na pambano likaishia raundi ya 4, naye akaeleza baadaye kuhusu mguu na viatu vilivyombana. Kejeli zilizofuata nchini zilikuwa kali, na nyingi zilikuwa na maana moja tu: angeendelea. Sijui aliyesema hivyo alikuwa anapendekeza mwamuzi afanye nini na mtu aliyekwisha kumwonyesha kwamba hayuko tayari kwa konde linalofuata.

Pambano ambalo hubishaniwa kuliko yote kuhusu suala hili lilifanyika Las Vegas tarehe 17 Machi 1990, kati ya Julio César Chávez wa Mexico na Mmarekani Meldrick Taylor, wote wawili wakiwa mabingwa na wote wawili hawajawahi kushindwa. Taylor alikuwa mwepesi zaidi, akirusha makonde mengi zaidi, na hadi kufikia raundi ya mwisho majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa uongozi mkubwa. Lakini makonde yake yalikuwa mengi na ya Chávez yalikuwa mazito. Uso wa Taylor ulivimba, alikuwa akimeza damu, na kona yake ikamwambia anahitaji raundi ya mwisho, jambo lililomfanya aendelee kusimama karibu na mpigaji aliyepaswa kumkimbia. Zikiwa zimebaki sekunde kama 16, Chávez alimwangusha. Taylor aliinuka mwamuzi Richard Steele akiwa kwenye 6. Steele akamaliza hesabu ya lazima, akamuuliza kama yuko sawa, akamuuliza tena. Taylor hakujibu, alikuwa amegeuza macho kuelekea kona yake, ambako kocha wake Lou Duva alikuwa akipanda ukingo wa ulingo. Steele akapunga mikono. Saa ilionyesha sekunde 2 zimebaki.

Hoja ya wanaompinga Steele inaeleweka hata na asiyependa ngumi: katika sekunde 2, Chávez aliyekuwa upande wa pili wa ulingo asingeweza kumfikia Taylor kwa konde la maana, na kengele ingempa Taylor ubingwa alioufanyia kazi kwa dakika 36. Kwa hesabu za majaji, hata raundi ya mwisho ikiandikwa kwa Chávez pamoja na kuangushwa kule, Taylor angeshinda. Steele alijibu kwamba kazi yake si kutazama saa, na kwamba anapoona mtu ametosheka hulisimamisha pambano. Kwa upande wangu naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ila nakiri kwamba sababu inayotolewa mara nyingi kuutetea, yaani kwamba aliyaokoa maisha ya Taylor, haithibitiki. Sababu yenye nguvu zaidi ni nyingine. Mwamuzi akikubali kwamba mtu asiyejibu na asiyemtazama anaweza kuendelea kwa sababu zimebaki sekunde 2, basi amekubali kwamba ipo idadi ya sekunde inayoweza kununua hatari ile, na itabidi atuambie kama ni 5, 10 au 30. Kuna pia jambo ambalo watu hulisahau: iliyomfanya Taylor ayaondoe macho kwa mwamuzi ni kona yake mwenyewe. Katika sekunde 8 zile, kona yenye busara hukaa kimya ili bondia wake awe na mtu mmoja tu wa kumsikiliza.

Haifai, hata hivyo, kumpa mwamuzi leseni ya kusimamisha chochote kwa jina la usalama. Tarehe 23 Novemba 2013, mjini Manchester, George Groves alimwangusha Carl Froch raundi ya kwanza na alikuwa mbele kwenye kadi za majaji wote watatu pale mwamuzi Howard Foster alipomshika na kulimaliza pambano katika raundi ya 9, Groves akiwa ametikiswa lakini bado akirusha ngumi. Ukumbi uliokuwa ukimshangilia Froch ukamzomea. Shirikisho la IBF liliamuru pambano la marudiano, nao wakarudiana Wembley tarehe 31 Mei 2014 mbele ya watu 80,000, ambapo Froch alimaliza kazi kwa konde moja la raundi ya 8. Groves alipata nafasi ya pili kwa sababu alikuwa na jina na ukumbi wa Wembley ulikuwa na tiketi za kuuza. Bondia wa mapambano ya utangulizi, anayelipwa kidogo na kupata pambano moja kwa miezi mingi, akisimamishwa kimakosa hapati shirikisho la kumpigania. Kwenye rekodi yake kunabaki TKO, na mapromota wanaisoma. Uzito wa makosa haya mawili haulingani, maana moja hurekebishika na jingine halirekebishiki, lakini lile linalorekebishika nalo lina anayelilipia.

Katika mapigano ya MMA, yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, mwamuzi ana muda mfupi zaidi, kwa kuwa hakuna hesabu. Aliyeanguka hufuatwa chini na kuendelea kupigwa, na mwamuzi anapaswa kuamua ndani ya sekunde moja hivi kama mtu aliyejikunja anajilinda au amezimika. Huko kuna pia kabali na kuvunjwa viungo, ambapo anayeshindwa hugonga kwa mkono kuonyesha amekubali. Tatizo ni asiyegonga. Tarehe 19 Juni 2004, Frank Mir aliukamata mkono wa Tim Sylvia, na sekunde 50 tu tangu kuanza, mwamuzi Herb Dean akaruka na kusimamisha. Sylvia aliinuka akibisha, akisisitiza kwamba hana tatizo, na watu wakamzomea Dean. Marudio ya picha yalionyesha mfupa wa mkono ukivunjika. Sylvia, kama Wangila, alikuwa mkweli na alikuwa amekosea. Dean huyo huyo, Machi 2019, alimsimamisha Robbie Lawler akiwa ndani ya kabali ya Ben Askren baada ya kuuona mkono wake ukidondoka kama wa mtu aliyezimia. Lawler akaruka juu mara moja akiwa na fahamu zake zote. Ni mwamuzi yule yule mwenye jicho lile lile, akifuata dalili ya mwili mahali ambapo maneno hayawezi kusubiriwa, na mara hii dalili ilimdanganya.

Mwamuzi hayuko peke yake, ingawa huonekana hivyo. Daktari wa ulingoni anaweza kuitwa kuangalia jeraha, na uamuzi wake huwa na uzito mkubwa hasa kwenye michaniko. Mchaniko unaomwaga damu shavuni hutisha ila hauzuii kuona, wakati mdogo ulio juu ya kope unaweza kumaliza pambano. Juni 2003, mjini Los Angeles, Vitali Klitschko alikuwa mbele ya Lennox Lewis kwa pointi 58 kwa 56 kwenye kadi zote tatu, lakini daktari alipomtaka ainue kichwa kope lililochanika likaziba jicho, na pambano likaishia hapo baada ya raundi ya 6.

Kona ndiyo inayomjua bondia kuliko wote, kwa kuwa imemwona akiumia gym. Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Eddie Futch alikataa kumruhusu Joe Frazier atoke kwa raundi ya 15 dhidi ya Muhammad Ali, Frazier akiwa haoni vizuri kwa macho yote mawili na akisihi aachwe amalize. Mwamuzi alikuwa bado hajafikia uamuzi huo. Kinyume chake, Februari 2020, Mark Breland alipotupa taulo kumwokoa Deontay Wilder mikononi mwa Tyson Fury, Wilder alikasirika na Breland akapoteza kazi yake katika kambi hiyo. Anayeajiriwa na bondia anapojua kwamba taulo linaweza kumfukuzisha kazi, mzigo wote unarudi kwa mtu wa tatu aliye ulingoni, ambaye halipwi na yeyote kati ya wale wawili.

Na kuna kinachotokea baada ya mikono kupungwa, ambacho kinaamua thamani ya uamuzi wenyewe. Tarehe 21 Septemba 1991, jijini London, Michael Watson alimwangusha Chris Eubank katika raundi ya 11, na kabla raundi haijaisha Eubank akainuka na kumpiga Watson konde la chini kwenda juu lililomtupa kwenye kamba. Kengele ikalia. Raundi ya 12 ilipoanza Watson hakuwa akijilinda tena, na mwamuzi Roy Francis akasimamisha punde tu. Watson alizimia ulingoni. Vifaa na mtaalamu wa kumsaidia kupumua havikuwepo kando ya ulingo, dakika zikapita, na hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo. Aliokoka akiwa na ulemavu mkubwa, akaishtaki Bodi ya Ngumi ya Uingereza, na mahakama ikaamua, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Desemba 2000, kwamba chombo kinachosimamia mchezo kilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo pale pale ulingoni. Katika shauri hilo hakuna aliyemlaumu mwamuzi. Francis alikuwa amesimamisha pambano. Waliochelewa ni waliopaswa kuwa upande wa pili wa kamba.